Siku Tulipokwenda Kumtia Haya

Mtu wa kwanza kunisubiri nimalize sentensi alikuwa amesimama juu ya pikapu, kipaza sauti mkononi, anauza sabuni. Nalisema hilo mapema ili usinione mjinga bure. Mimi nina kigugumizi. Ninacho tangu utotoni, na nyumbani kwetu, kwenye mteremko unaotazamana na soko la Gakindu, kila mtu alikuwa na njia yake ya kunisaidia: baba alikohoa, mama alinimalizia neno, ndugu zangu waliondoka. Nilikuwa na miaka ishirini, uhuru wenyewe ulikuwa na miaka sita au saba, na nilikuwa nafundisha darasa la kwanza bila kusomea ualimu, kwa sababu mbele ya watoto wadogo ulimi wangu ulifunguka. Watoto hawana haraka. Wakubwa ndio wenye haraka.

Ilikuwa siku ya soko. Gari la matangazo lilikuwa limeegeshwa karibu na wauza viazi, na yeye, shati jeupe, viatu vinang'aa katikati ya tope, alikuwa anawachekesha watu mpaka wanasahau walichokuja kununua. Katika umati wote ule akanichagua mimi. Akaniita mbele niishike sabuni, akaniuliza jina langu mbele ya dunia nzima, akaniletea kipaza sauti mdomoni. Nikakwama. Nilisikia watu wameanza kucheka kule nyuma. Yeye akashusha kipaza sauti, akainua mkono kuwanyamazisha, akainama na kuniambia mimi tu, "Pole pole, dada. Mimi niko na siku mzima."

Akasubiri. Kweli alisubiri. Jina likatoka, akalichukua, akalitangaza juu ya vibanda kana kwamba ni jina la waziri. Niseme nini? Nilikwisha. Nilipanda mlima kurudi nyumbani bila kuuhisi, na viazi nilivyotumwa nikavisahau sokoni.

Jamani, zile wiki zilizofuata! Alikuwa na mzunguko wake: Sagana, Karatina, Nyeri mjini, Othaya, kisha anateremka kwetu. Kabla hujaliona gari ulisikia sauti ikigonga mteremko wa pili na kurudi. Watoto wangu wa darasa la kwanza walikuwa wanaisikia kabla yangu. "Mwalimu, anakuja!" walikuwa wakisema, na mimi nageukia ubao nijifanye naandika. Sijawahi kuwa na furaha ya aina ile tena, na sitaki kudanganya kwamba haikuwa furaha. Ilikuwa.

Kipawa chake kilikuwa hiki: alijua kila mtu ana njaa ya neno gani. Siku ya kwanza kufika kwetu alisimama kwenye mashina ya kahawa ya baba, akagusa tawi moja, akasema amepita mashamba yote ya Mukurweini na hajaona mikono iliyopogoa namna ile. Baba, ambaye hakuwa amesifiwa tangu abatizwe, alimchinjia jogoo. Mama aliambiwa kwamba mtu akimkuta nami njiani hatajua yupi ni mama yupi ni binti. Hata shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi tulimwita tata kama ilivyo desturi yetu, mwanamke aliyekuwa akimtazama mchungaji usoni hadi mchungaji apoteze mstari wake, aliambiwa kwamba nchi hii ingekuwa na wanawake kumi wa aina yake ingekuwa mbali. Alituvika vilemba vya ukoka, nasi tukavaa, tukajiona tumependeza.

Alikuwa mtoto wa pekee wa mama mjane, ng'ambo ya mto, mteremko wa tatu kutoka kwetu. Mama yake nilimwona mara moja tu katika miezi ile ya mwanzo. Alinipa uji, akanitazama viganja, akaniuliza kama nimezoea jembe. Nilitikisa kichwa kukubali. Nyuma ya nyumba yake shamba lilikuwa limemezwa na thangari, lile gugu lenye mizizi mirefu inayokatika ukivuta. Mwanawe alisema ataleta trekta. Mama alinijazia uji tena.

Sasa, kwetu shamba halikulimwa na mtu mmoja. Tulikuwa na ngwatio: wanawake kumi na wawili, leo wanalima kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, mpaka mzunguko uishe na kila mtu awe amelimiwa. Mwenye shamba hupika, wengine huja na majembe. Kila mmoja hupewa mstari wake, na mstari wako ukibaki nyuma watu wanauona. Mjane yule alikuwa ametoka kwenye ngwatio miaka mingi iliyopita, kwa kuwa magoti yake hayakuweza tena kumfikisha mashamba ya wengine. Basi mwanawe, ambaye sasa alikuwa mchumba wangu, akatangaza kwamba yeye atashika nafasi ya mama yake. Mwanamume katika ngwatio ya wanawake! Tata alicheka hadi akakaa chini. Lakini alimkubali, na wote tulimkubali, na mimi nilitembea wiki nzima nikiwa mrefu kuliko nilivyo.

Zamu ya kwanza ilikuwa kwetu. Alifika saa nne, wenzake wamelima tangu asubuhi, na jembe jipya ambalo karatasi ya duka ilikuwa bado imegandishwa mpinini. Akapiga majembe matatu. Akatoa leso, akajipangusa paji la uso taratibu, akapanda juu ya kisiki cha mkaratusi na kuanza, "Siku moja nilipokuwa Nyeri..." Tulilala kwa kicheko. Wanawake waliegemea majembe, machozi yanawatoka. Ilipofika saa ya kula tulikuwa na nusu shamba, naye akala kipande cha nyama alichowekewa baba. Jioni mvua ikanyesha, na ile nusu nyingine mama aliipanda maharagwe akiwa amechelewa, yakatoka membamba. "Lakini ana maneno," wanawake walisemezana wakienda, na wakasema hivyo tena zamu ya pili, na ya tatu wakasema kwa sauti ya chini kidogo.

Halafu sokoni tukaanza kusikia habari zetu wenyewe. Kwenye kipaza sauti alikuwa anawaambia watu kwamba alilima shamba la mkwewe mtarajiwa peke yake siku moja, wanawake kumi na wawili wakamshangilia. Nilidhani ni mzaha wa biashara. Nilimwuliza, naye akanitazama kwa mshangao wa kweli, macho meupe kabisa. Hakuwa anadanganya kama mimi na wewe tunavyodanganya, tukijua ukweli uko wapi tumeuficha. Yeye aliukumbuka hivyo.

Nitakuambia sasa habari za Karatina, nilizokaa nazo miaka kumi kabla ya kumwambia mtu.

Aliniita nikamwone akifanya kazi kwenye soko kubwa. Nilivaa gauni langu la manjano. Karatina ilikuwa inachemka siku hiyo: mikokoteni ya kabichi inapiga kelele ipishwe, malori yanashusha, na yeye juu ya pikapu, umati umemzunguka hadi barabarani. Nilitaka kuwashika watu bega niwaambie, yule ni wangu. Kisha akaanza mchezo mpya. Kuna msichana, akasema, ameenda dukani kununua sabuni, lakini mpaka alitaje hilo neno sabuni, nguo imeoza kwa uchafu. Akaigiza.

Alikuwa mimi. Si kigugumizi tu, maana hicho kila mtoto mtundu anaweza kukiigiza. Ni shingo yangu inavyovutika upande wa kushoto. Ni macho yanavyofumba. Ni mkono unaokamata upindo wa gauni, jambo ambalo mimi mwenyewe sikujua ninalifanya mpaka nilipotazama chini nikauona mkono wangu umekamata gauni la manjano. Ndipo nikajua alichokuwa akifanya zile siku zote alizokuwa akinisubiri. Alikuwa anajifunza.

Soko zima lilicheka. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilicheka, tena kwa sauti. Mama mmoja aliyeuza karoti karibu nami alinitazama mkono, akanitazama uso, akaacha kucheka.

Baadaye nililia nyuma ya gari. Nilijitahidi kumwambia alichonifanyia, na neno lilipokwama alinimalizia, akakosea, akaendelea na lile lake. "Lakini si uliona vile walicheka?" alisema, uso wake unang'aa. Nilipozidi kulia, akaanza kulia yeye. Alisema hajawahi kuwa na siku nzuri kama ile na mimi nimeiharibu. Alilia kwa uchungu kiasi kwamba nilimpangusa machozi kwa kitambaa changu na kumwomba radhi. Unasikia? Mimi ndiye niliyeomba radhi.

Utauliza kwa nini sikumwacha siku hiyohiyo. Nilikuwa namngoja yule wa Gakindu, aliyeshusha kipaza sauti. Nilijua yumo humo ndani, nilimwona kwa macho yangu. Ningevumilia kidogo angetoka tena. Na posa ilikuwa imekwenda mbali. Mbuzi wa kwanza walikuwa zizini kwa baba, na siku ya kuleta pombe ilikuwa imeshapangwa.

Mzunguko wa ngwatio ukafika kwa mama yake. Tata akatuita sote kwake siku mbili kabla. Alikuwa amechoka, na tata akichoka alikuwa hatari. Alisema nyani haoni kundule, basi sisi tutamwekea kioo. Twende sote kumi na wawili. Kila mtu apige majembe matatu, ajipanguse, apande kisiki na kusimulia hadithi. Atakapofika na kutukuta hivyo atajiona, haya zitamshika, atachukua jembe, na akishalichukua sisi wote tunaingia shambani tunalimaliza. Hakuna aliyepinga. Kwetu mtu hatengenezwi kwa kiboko wala kwa polisi. Anatengenezwa kwa haya. Mvivu ameimbiwa wimbo kwenye ngwatio akaamka kesho yake ni mtu mwingine. Mlevi ameachwa peke yake kwenye benchi la kanisa, akaacha pombe. Ilikuwa dawa yetu ya pekee na hatukuwahi kuiona ikishindwa. Mimi ndiye niliyeifurahia kuliko wote, kwa kuwa niliona hatimaye wamepata njia ya kunitolea yule wa Gakindu.

Tulivuka mto asubuhi tukicheka kama wasichana. Mjane alikuwa amefagia ua mpaka barabarani. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, ameweka motoni njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, na kibuyu kikubwa cha uji kilikuwa kivulini tayari. Ngwatio haikuwa imekanyaga kwake tangu mumewe afe. Alitushika mkono mmoja mmoja, wote kumi na wawili, na hatukumwambia kitu.

Tata alianza. Majembe matatu. Leso. Akapanda kisiki na kusema, "Siku moja nilipokuwa Nyeri..." kwa sauti ileile ya puani, nasi tukaanguka. Akashuka, mwingine akapanda. Ulikuwa mchezo mtamu, siwezi kukataa; wanawake ambao sijawahi kuwasikia wakizungumza hadharani walisimama pale wakawa mawaziri na marubani. Pikapu ikafika saa nne, kama kawaida yake. Tata akarudi juu ya kisiki. Sote tukamgeukia mwenye pikapu tumwone uso ukibadilika.

Ukabadilika. Ukang'aa.

Alipiga makofi. Alizunguka kutoka kwa mmoja hadi mwingine akitushika mabega, akisema hakujua tunampenda kiasi hiki. Akaenda kwenye gari akaleta kipaza sauti, akampa tata. Kisha akamsahihisha. "Hapana, tata, leso ni mkono ya kushoto," alisema kwa upole, akamwonyesha. "Halafu unangoja kidogo. Watu wakinyamaza, hapo sasa unaanza."

Tata alisimama juu ya kisiki na kipaza sauti mkononi, akakitazama kama kitu alichokiokota njiani. Nilimtazama yule mwanamume nikitafuta hata tone, hata kope moja ishuke. Hakukuwa na kitu. Tulikuwa tumemwekea kioo mbele ya uso, naye akajitengeneza nywele.

Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kusomea ualimu, mkufunzi wetu wa saikolojia alitusomea kuhusu watu wa namna hiyo, akasema ni watu wanaojipenda kupita kiasi. Niliinua mkono. Nilichukua muda, lakini niliwaambia kwamba ninayemjua mimi hakujipenda hata kidogo. Hakuwa na wa kumpenda mle ndani. Alikuwa na masikio tu, yanasubiri makofi, na makofi yakikatika alikuwa anahangaika kama mtu aliyezimiwa taa. Hakuwa ametushinda kwa ukaidi siku ile. Pale ambapo mimi na wewe tungeumia, yeye hakuwa na kidonda wala ngozi. Mkufunzi aliandika jambo kwenye karatasi yake, akaniomba nikae.

Lakini nirudi shambani. Tata akiwa bado juu ya kisiki, tulisikia jembe. Pu. Pu. Lilitoka chini kabisa, upande wa mto. Tukageuka wote. Mjane alikuwa amevua kitambaa cha kanisani, amekifunga kiunoni, na anakata thangari peke yake. Kila baada ya majembe mawili alikuwa anashika goti. Hakututazama. Alikuwa ameona wanawake kumi na wawili wamekuja shambani kwake na hawataki kulilima, na hakuuliza kwa nini. Haya tulizombebea mwanawe zote zilikuwa zimempita, zikamfikia yeye.

Nakuapia sijawahi kujisikia mchafu namna ile. Tata alishuka kwenye kisiki, akaweka kipaza sauti chini kwenye majani, akateremka, na sisi nyuma yake. Hakuna aliyegawa mistari. Tulilima! Tulilima kama watu wanaofukuzwa, mizizi inaruka, jasho linaingia machoni, hatuimbi, hatuzungumzi, na huku juu yeye ameokota kipaza sauti chake na anatutangaza: ona watu wangu, ona kazi ya ngwatio yangu! Alikuwa na furaha kuliko sisi wote. Saa tisa alasiri lilikuwa limebaki pande dogo tu la juu, kando ya kahawa, na shamba lingine lote lilikuwa jeusi toka nyumbani hadi mtoni.

Mjane aliniita nimsaidie kubeba kibuyu cha uji. Tulipofika kwenye kahawa, mahali ambapo wengine hawatuoni, alisimama.

"Ulijua?" aliniuliza.

Nilitaka kumjibu. Neno likakwama kooni, shingo ikavutika, mkono ukakamata gauni. Hakuninyanyulia nyusi. Hakunimalizia. Hakutazama kando kama watu wema wanavyofanya. Alinisubiri huku kibuyu kizito kiko mikononi mwetu sote wawili, na sikuona anajifunza chochote.

"Ni-ni-nilijua, maitu," nilisema, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu.

Aliinamisha kichwa kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Nimeomba msichana wa kunisaidia hii shamba miaka mingi," alisema. "Nikaona mikono yako nikasema ndio huyu. Lakini mimi nilimzaa, siwezi kuacha kuwa mama yake. Wewe uko na miguu yako bado. Siku ile watakuuliza, usinifikirie mimi."

Tukapeleka uji.

Nilimwambia mama yangu usiku uleule kwamba nimebadili nia. Aliniambia hawezi kunisemea, na baba hawezi, na mbuzi hawawezi. Desturi ilikuwa wazi: pombe ya posa ikishaletwa, hainywewi hata funda moja mpaka msichana aulizwe mbele ya wote. Akikubali, anamimina kwenye pembe na kumpa baba yake. Akikataa, kibuyu kinarudi kilikotoka. Wasichana wengi hawakukataa, maana nani atakataa mbele ya wazee wa nyumba mbili? Na mimi, ambaye siwezi kuagiza sukari dukani bila jasho? Wiki mbili nilifanya mazoezi shuleni, watoto wamekwenda kucheza. Nililiambia dawati la mbele. Nililiambia vizuri sana.

Siku ikafika. Wazee wa kwao walipanga viti upande mmoja, wa kwetu upande mwingine, na Wakristo wote wakajifanya hawajui kama ndani ya kibuyu kuna muratina, pombe yetu ya asali, au asali na maji tu. Kibuyu kililetwa na mama yake, mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Yeye mwenyewe alikuwa ameng'ara. Tayari alikuwa amewachekesha wazee wa pande zote mbili, na baba alimtazama kama mtoto aliyemkosa.

Niliitwa. Baba alishika pembe tupu, akaniuliza, "Pombe hii, tuinywe?"

Nikafungua mdomo. Dawati la mbele halikuwapo. Neno likafika kwenye meno na kusimama, na ule ua wote, wazee thelathini, wanawake mlangoni, kuku, kila kitu kikasimama nalo. Nilisikia baba anakohoa. Mchumba wangu akainuka kitini, ametabasamu, mikono wazi, akasema kwa ile sauti yake tamu kwamba binti amezidiwa na furaha, na anachotaka kusema ni kwamba wazee wanywe. Watu wakacheka kwa raha. Mzee mmoja akanyoosha mkono kwenye kibuyu.

Nikainua mkono wangu. Ndivyo alivyoinua wa kwake siku ile Gakindu, kuwanyamazisha watu; kitu kimoja nilichojifunza kwake. Wakanyamaza. Sikumtazama yeye, wala baba. Nilimtazama mama yake, aliyekuwa amekaa chini karibu na kibuyu chake, magoti yamenyooka mbele. Alikuwa amenikazia macho. Alikuwa ananisubiri.

"Ha-ha-hapana," nilisema. Ilichukua muda mrefu, na niliutumia wote. "I-i-isinywewe. Si-sitaki kuolewa naye."

Nilitaka kukimbia kuteremka mlima nikipiga kelele. Sentensi nzima, mbele ya wazee thelathini, na kila neno langu mwenyewe! Baba aliketi na pembe mapajani. Mchumba wangu alicheka, akasubiri watu wacheke naye, na walipokosa kucheka niliona uso wake ukipapasa kama mkono unaotafuta kiberiti gizani. Nilimhurumia kwa muda wa pumzi mbili. Mama yake aliinuka kwanza, akakipachika kibuyu mgongoni, akaiweka kamba kwenye paji la uso, akatoka. Wengine wote ikabidi wamfuate.

Baada ya mwezi alikuwa anawasimulia watu wa Karatina jinsi alivyomkataa mwalimu mmoja wa Mukurweini. Debe tupu haliachi kuvuma. Alikuja kuoa huko Sagana, na siijui habari ya mke huyo, nami nimeogopa kuiuliza maisha yangu yote.

Jumatatu, baada ya shule, nilichukua jembe langu nikavuka mto. Mjane alikuwa kwenye lile pande tulilolibakiza, anang'oa thangari kwa mikono. Aliniona nikishuka, akanyooka pole pole, akashika goti.

"Umekuja kama nani?" aliniuliza.

Nikaanza kumjibu, na jibu likakwama, kwa sababu herufi ile ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote kwangu. Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Alisimama tu.

"Ng-ng-ngwatio," nilisema.

Akatazama shamba, akapima kwa jicho, akanionyesha mstari wangu.